Namna ya Kuendeleza Mfululizo wa Gemu Bila Kuwapoteza Wachezaji wa Zamani

Mfululizo wa gemu unapofika toleo la tatu au la nne, mashabiki wake huwa wameshagawanyika. Wapo walioingia tangu mwanzo, ambao vidole vyao vimekizoea kila kitufe na ambao huyapima matoleo yote yanayofuata kwa kumbukumbu ya lile la kwanza. Na wapo waliokuja baadaye, wakavutiwa na mambo yaleyale ambayo wale wa mwanzo huyaona kuwa ni upotoshaji. Mtengenezaji aliye kati yao mara nyingi huamua kumpa kila upande kipande, na mwishowe hutoa gemu ambayo hakuna upande ulio tayari kuipigania.

Ninaamini kwamba chanzo cha ugomvi huu hueleweka vibaya. Wachezaji huvumilia mapya mengi kuliko watengenezaji wanavyodhani. Kinachowauma ni kitu walichokuwa nacho jana, ambacho leo hakipo na mahali pake hapakuwekwa chochote. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unazungumzia zaidi namna ya kuondoa kuliko namna ya kuongeza. Umeandikwa kwa ajili ya vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe wanaojifunza programu vyuoni au nyumbani, ambao wameshatoa gemu moja au mbili za simu na sasa wanatafakari ya tatu. Mifano mingi ni ya kampuni kubwa za ng'ambo kwa sababu makosa yao na mafanikio yao yanajulikana, lakini hatua zenyewe zinatekelezeka hata na kikundi cha watu watatu wenye kompyuta moja.

Ili maelezo yasibaki hewani, tuchukulie gemu moja ya kubuni. Ni gemu ya kuendesha lori lenye mzigo wa shaba kutoka Tunduma kuelekea Dar es Salaam kwa barabara kuu ya TANZAM, yaani ile ya Tanzania na Zambia. Toleo la kwanza lilikuwa na jambo moja tu, nalo ni kulishusha lori zito kwenye mteremko mkali wa Kitonga, mkoani Iringa, bila kuchemsha breki. Toleo la pili liliongeza biashara: kununua magari, kuajiri madereva, kupita kwenye mizani, kutafuta mizigo. Katika kuongeza hayo, watengenezaji walirahisisha breki ili wachezaji wapya wasikate tamaa. Sasa wale wa toleo la kwanza wanasema gemu imeharibiwa, wale wa toleo la pili wanataka magari zaidi na miji zaidi, na toleo la tatu linangojewa.

Kwanza, tafuta mhimili

Kabla ya kugusa chochote, lazima ujue ni kitu gani kikiondoka gemu itakuwa imebaki jina tu. Kitu hicho si lazima kiwe kile kinachoonekana zaidi. Resident Evil, mfululizo wa gemu za kutisha, ilianza mwaka 1996 ikiwa na kamera zilizofungwa pembeni mwa vyumba. Mwaka 2005 toleo la nne likaihamishia kamera nyuma ya bega la mhusika. Mwaka 2017 toleo la saba likaiingiza ndani ya macho yake. Kwa mtazamaji, hizo ni gemu tatu tofauti. Hata hivyo toleo la saba lilipokewa kama kurudi nyumbani, wakati toleo la sita la mwaka 2012, ambalo kamera yake ilifuata ile ya toleo la nne, lililaumiwa na mashabiki wengi kwa kugeuka kuwa vita vya risasi na milipuko. Mhimili wa mfululizo ule ni hofu ya kuishiwa risasi ndani ya jengo ambalo milango yake hufunguka kidogokidogo. Toleo la saba lilibadilisha macho ya mchezaji lakini likairudisha hofu hiyo, na wengi waliridhika.

Mhimili haupatikani kwa kuwauliza wachezaji wanataka nini, maana watakutajia vitu vya kuongeza. Nenda kwenye kibanda cha gemu, kiwe cha Mwanjelwa, Mbeya, au cha Mlandege, Iringa, uombe ruhusa ya mwenye kibanda, ukae pembeni uangalie. Angalia wachezaji wanapaza sauti wakati gani, wanakasirika wakati gani, na mwenye pedi anawekewa mkono begani na wenzake wakati gani. Kisha mwombe kila mmoja akusimulie tukio moja la kwenye gemu analolikumbuka tangu zamani. Masimulizi hayo yakikusanyika utaona kwamba yanazunguka kitendo kimoja. Kiandike kitendo hicho kwa sentensi moja yenye kitenzi. Kwa gemu yetu ya lori, sentensi inaweza kuwa hii: mchezaji anaamua kushusha gia mapema kabla mwendo haujamshinda. Magari, miji na rangi ya anga havimo ndani ya sentensi hiyo, na kwa hiyo vyote vinaweza kubadilika.

Ukishaipata sentensi, ijaribu kwa gharama ndogo. Walipokuwa wakitengeneza Breath of the Wild, gemu ya mfululizo wa Zelda iliyotoka mwaka 2017, watengenezaji wa Nintendo walijenga kwanza kielelezo bapa, kinachotazamwa kutoka juu, kinachofanana na Zelda ya kwanza ya mwaka 1986, ili wajue kama mawazo yao ya moto, upepo na vitu vinavyoungua yanafurahisha kabla ya kuyajengea milima. Gemu iliyotokana na kazi hiyo iliachana na mengi yaliyozoeleka kwa miaka, ikiwemo mpangilio wa mapango makubwa yanayofuatana, na bado wapo mashabiki wanaoyadai mapango hayo hadi leo. Lakini hata kati ya wanaoyadai, wengi hawasemi kwamba hii si Zelda, kwa sababu kitendo cha kuingia porini bila kuelekezwa kilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Pili, fungua daftari la vinavyoondolewa

Hapa ndipo ningependa msomaji atumie muda mwingi kuliko mahali pengine pote. Chukua daftari uandike kila kitu kilichokuwemo kwenye toleo lililopita ambacho hakitakuwemo kwenye jipya, hata kama unakiona kidogo. Mbele ya kila kimoja andika kilifanya kazi gani, ni nani alikitumia, na ni kipi sasa kitafanya kazi hiyo. Safu ya mwisho ikibaki tupu, umekwisha kuliona lalamiko kabla halijatokea.

Daftari la namna hii lingeweza kuisaidia Konami mwaka 2021. Mfululizo wao wa mpira, Pro Evolution Soccer, ndio uliolea vibanda vingi vya gemu nchini kwetu. Mwezi Septemba mwaka huo waliugeuza kuwa eFootball, gemu ya bure iliyojengwa upya kwa injini nyingine, yaani programu ya msingi inayoiendesha gemu. Kuwa bure lilikuwa jambo jipya na zuri. Lakini iliingia sokoni ikiwa na timu chache na kasoro nyingi za kiufundi, na bila Master League, ile sehemu ambayo mchezaji huongoza klabu msimu baada ya msimu, akisajili na kuuza wachezaji. Kampuni iliomba radhi baada ya siku chache, na toleo lililokamilika zaidi likaja Aprili 2022. Master League ilikuwa na kazi kubwa: ndiyo iliyompa mtu anayecheza peke yake sababu ya kurudi kesho. Mahali pake hapakuwekwa kitu chenye uzito huo.

Kwa vibanda vyetu liliongezeka jambo lingine ambalo watengenezaji wa mbali hawakulazimika kulifikiria. Gemu ya zamani ilikaa ndani ya diski au ndani ya mashine. Mwenye kibanda aliiwasha asubuhi na kuizima usiku bila kumlipa mtu mwingine. Gemu inayotegemea intaneti humlazimu anunue bando, na umeme au mtandao ukiyumba katikati ya mechi, mteja hudai kurudishiwa hela yake. Si ajabu basi kwamba PlayStation 2, mashine ambayo utengenezaji wake ulikoma kuanzia mwaka 2013, imeendelea kutunzwa vibandani, ikichezeshwa mpira wa zamani uliowekewa vikosi vipya na mafundi wa mitaani. Wanaocheza vibandani humo wanapenda wanasoka wapya, jezi mpya na ligi mpya, na hivyo vyote wamejitafutia wenyewe. Walichokikataa ni kunyang'anywa uwezo wa kucheza wawili wawili bila mtandao. Kwa hiyo kama gemu yako ilikuwa inachezeka bila bando, andika hilo kwenye daftari kwa herufi kubwa.

Mifano mingine inafuata mkondo huohuo. Pokémon Sword na Shield za mwaka 2019 zilikuwa na maeneo mapya na viumbe vipya, lakini mjadala ulimezwa na habari kwamba viumbe wengi wa zamani, waliokuwa wakihamishwa kutoka toleo hadi toleo kwa miaka mingi, wasingeweza kuingia. Street Fighter V, gemu ya mapigano, ilitoka Februari 2016 bila sehemu ya kawaida ya mchezaji mmoja kupambana na wapinzani mmoja baada ya mwingine. Sehemu hiyo ililetwa Januari 2018. Upande wa pili ipo God of War ya mwaka 2018, ambayo mhusika wake aliondolewa hata uwezo wa kuruka apendavyo, jambo alilokuwa nalo tangu 2005. Malalamiko hayakuitikisa gemu ile, kwa sababu nafasi ya miruko ilijazwa na shoka linalorushwa na kuitwa lirudi mkononi, na kamera iliyosogezwa karibu ili kila pigo lionekane uzito wake. Kuondoa si kosa. Kosa ni kuacha shimo.

Turudi kwenye lori. Daftari la toleo la pili lingeonyesha kwamba breki ngumu ziliondolewa, kwamba kazi yake ilikuwa kumtia mchezaji hofu kwenye mteremko, na kwamba biashara iliyoongezwa haifanyi kazi hiyo hata kidogo. Biashara ni nzuri kwa namna yake, lakini hakuna anayetokwa jasho mikononi kwa kusoma bei ya mzigo. Sasa kazi ya toleo la tatu iko wazi: hofu irudi, na biashara isiguswe.

Tatu, acha toleo la zamani liishi

Gharama ya hatua hii ni ndogo kuliko zote, na ndiyo inayosahauliwa zaidi. Kabla ya kutoa mkusanyiko wa gemu tatu za zamani za Grand Theft Auto zilizofanyiwa ukarabati mwaka 2021, watengenezaji wake, Rockstar, waliyaondoa matoleo asilia kwenye maduka ya mtandaoni. Ukarabati ulipotoka na kasoro nyingi, wachezaji hawakuwa na pa kurudi. Kampuni iliomba radhi na kuyarudisha matoleo asilia kwenye duka lake kwa watumiaji wa kompyuta. Kama yangebaki tangu mwanzo, hasira ingekuwa nusu.

Watengenezaji wa World of Warcraft, gemu inayochezwa na wengi pamoja mtandaoni, nao walijifunza polepole. Mwaka 2013, mshabiki alipouliza kama wangefungua gemu ile kama ilivyokuwa zamani, mmoja wa viongozi alimjibu kwamba anadhani anaitaka lakini haitaki kwa kweli. Mwaka 2019 kampuni hiyohiyo ilitoa World of Warcraft Classic, na wachezaji wakafurika hadi wakasubiri foleni kuingia. Watengenezaji wa RuneScape, gemu nyingine ya mtandaoni, walikuwa wepesi zaidi: baada ya kubadilisha mfumo wa mapigano Novemba 2012 na kuona wachezaji wakikasirika, walifungua Februari 2013 nakala ya gemu kama ilivyokuwa Agosti 2007, nayo inaendelea kuchezwa hadi leo.

Kwa mtengenezaji wa simu, maana yake ni kwamba toleo la tatu litolewe kama programu mpya inayojitegemea, lisiwe sasisho linalolifuta la pili ndani ya simu ya mtu. Tunza msimbo wa matoleo ya zamani, pamoja na picha na sauti zake, katika sehemu mbili tofauti angalau. Ruhusu maendeleo ya mchezaji, kwa mfano lori lake lenye jina lake, yahamie kwenye toleo jipya bila kufutika kwenye la zamani.

Nne, weka njia mbili pale tu zinapobebeka

Baadhi ya migogoro humalizwa ndani ya gemu moja. Street Fighter 6 ya mwaka 2023 ilibakiza mfumo wa zamani wa vitufe sita, ikaongeza mfumo rahisi ambao pigo maalumu hutolewa kwa kitufe kimoja. Anayetumia njia ya mkato hupunguziwa nguvu ya pigo hilo kwa asilimia 20, kwa hiyo mzoefu haoni kwamba jasho lake limedharauliwa. Fire Emblem nayo, mfululizo ambao askari akifa vitani harudi tena, iliongeza uchaguzi wa kuwarudisha askari baada ya pambano, na Awakening ya mwaka 2012 ikaleta wachezaji wengi wapya bila kuwanyima wakongwe msiba wao.

Jambo la kunakili hapa ni bei. Kila njia rahisi iwe na gharama yake ndani ya gemu, na gharama hiyo isiwe adhabu ya kumdhalilisha mtu. Katika gemu ya lori, mchezaji mpya angeweza kusafiri na utingo anayemwonya breki zinapopata moto na kumwambia gia ya kushukia. Utingo hulipwa, kwa hiyo faida ya safari hupungua. Dereva mzoefu humwacha Tunduma, hushuka Kitonga kwa masikio yake mwenyewe akisikiliza injini, na hupata faida yote. Pande zote mbili zinaendesha barabara ileile, na anayeanza na utingo siku moja atajaribu kwenda bila yeye.

Tahadhari yangu ni kwamba kila njia unayoongeza lazima ijaribiwe mwanzo hadi mwisho. Kikundi kidogo kisichoweza kujaribu njia mbili kikamilifu kisiahidi njia mbili.

Ikiwa mgawanyiko unagusa mhimili wenyewe, yaani pande mbili zinapenda vitendo viwili visivyokaa pamoja, tenganisha ukoo. Mario anao mfululizo wa kutembea pande zote, na mfululizo wa kwenda kulia tu uliorudi mwaka 2006 kwa New Super Mario Bros., na yote miwili ina mashabiki wake. Waliotengeneza Yakuza, mfululizo wa gemu za ngumi za mitaani, walipohamia mapigano ya zamu mwaka 2020, ngumi za papo kwa papo ziliendelea katika mfululizo wa pembeni uitwao Judgment.

Tano, sikiliza kwa mpangilio

Anayelalamika kwa sauti kubwa kwenye kundi la WhatsApp ana haki ya kusikilizwa, lakini hawakilishi waliokaa kimya. RuneScape ya zamani iliweka utaratibu ambao jambo jipya halikuingia mpaka asilimia 75 ya waliopiga kura wakubali. Utaratibu huo hulinda vizuri kilichopo. Haukusudiwi kuzaa wazo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, kwa hiyo usiupe kazi hiyo. Pigisha kura juu ya mambo ambayo wachezaji wameshayagusa kwa mikono yao, na yale wasiyoyajua wape kwanza wayajaribu.

Upo pia mwongozo unaohusishwa na Sid Meier, mwanzilishi wa Civilization, mfululizo wa gemu za kujenga dola: theluthi moja ya toleo jipya ibaki kama ilivyokuwa, theluthi moja iboreshwe, theluthi moja iwe mpya. Ninauheshimu kwa sababu unamzuia kijana mwenye shauku asibomoe nyumba nzima. Hata hivyo hausemi ni theluthi ipi, na mhimili ukianguka ndani ya ile theluthi mpya, hesabu itakuwa sahihi na gemu itakuwa imepotea. Ndiyo maana sentensi ya hatua ya kwanza hutangulia hesabu.

Sita, tangaza kwa ukweli

Mwaka 2000 Nintendo walionyesha picha fupi za mapigano ya Zelda zenye sura ya uhalisia. Mwaka uliofuata wakaonyesha gemu yenyewe, The Wind Waker, ikiwa na sura ya katuni, na mashabiki wengi wakahisi wamebadilishiwa bidhaa. Gemu ile imekuja kupendwa sana. Tatizo lilikuwa ahadi ambayo picha za kwanza ziliitoa bila kukusudia. Usionyeshe chochote ambacho hutakitoa. Katika tangazo la kwanza, anza na kile kilichobaki, kisha kipya, kisha utaje wewe mwenyewe vilivyoondolewa na kilichowekwa mahali pake, ukisoma moja kwa moja kutoka kwenye daftari lako.

Toa pia sehemu ndogo ya majaribio mapema, kama walivyofanya Resident Evil 7 katikati ya mwaka 2016, miezi kadhaa kabla ya gemu yenyewe. Kwa lori, mteremko mmoja wa Mlima Nyoka, karibu na Mbeya, unatosha. Hakikisha sehemu hiyo ina ukubwa mdogo ambao mtu wa Uyole, Mbeya, au Kihesa, Iringa, anaweza kuupakua kwa bando la siku, na ijaribu kwenye simu za bei ya chini zenye kumbukumbu ndogo, kwa sababu mchezaji ambaye simu yake inakwama atasema gemu ya zamani ilikuwa bora, na kwa upande wake atakuwa amesema kweli.

Mambo yakiharibika licha ya yote hayo, yapo yanayorekebishika. Final Fantasy XIV, gemu ya mtandaoni, ilitoka Septemba 2010 ikiwa na kasoro kubwa kiasi kwamba uongozi wake ulibadilishwa mwezi Desemba. Naoki Yoshida, aliyekabidhiwa, aliwaandikia wachezaji barua za mara kwa mara akieleza kinachofanyika, akaendelea kuitunza gemu mbovu huku timu ikijenga nyingine, akaifunga Novemba 2012, na Agosti 2013 akaifungua upya.

Kwa wiki za kwanza baada ya kutoa toleo lako, panga ratiba ya namna hii: wiki ya kwanza usiongeze chochote, rekebisha tu kinachozima gemu au kufuta maendeleo ya mtu, wiki ya pili rudi vibandani na maswali yaleyale ya mwanzo, uone kama masimulizi mapya bado yanazunguka kitendo kilekile, na ndipo wiki ya tatu ufungue daftari jipya kwa ajili ya sasisho la kwanza.